Mkate wa sinia umenitenga na Mama Mkubwa. Niufute kwenye blogu?

Mshauri mpendwa,

Nina miaka 34, naishi Umoja hapa Nairobi na mume wangu na watoto wetu wawili. Nilizaliwa Mombasa. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la tatu, nikalelewa na dada yake, ambaye namwita Mama Mkubwa hadi leo. Nakuandikia kwa sababu tangu Rajabu hajapokea simu yangu hata moja, na kosa ni langu. Au nusu yake ni langu. Sijui tena.

Mama Mkubwa anauza mkate wa sinia, na kwa mkate huo amesomesha watoto watano, mimi nikiwemo. Mchele anauloweka usiku. Alfajiri anausaga na tui zito, sukari na iliki, anatia hamira na ute wa yai, anauacha uumuke, kisha anaumimina kwenye sufuria na kupalia makaa juu ya kifuniko. Hapimi kwa kikombe. Anainua mwiko, anatazama uji ukidondoka, anasema "bado" au "tayari". Nilisimama kando yake miaka mingi nikisikia maneno hayo mawili.

Nilipoolewa na kuja Nairobi nilitaka kuupika, ukanishinda. Ulikuwa ukipanda kwa haraka hadi ukingoni mwa sufuria, halafu unabonyea katikati kama godoro lililochakaa. Nilidhani hamira ni mbovu, nikaibadilisha. Nikabadilisha mchele, nikabadilisha jiko, nikaacha makaa nikaenda kwenye gesi. Kila nilipokosea niliandika kwenye daftari. Karibu mwaka mzima tulikula mikate iliyobonyea. Mwishowe nikaja kusoma kwamba Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwamba huku kanieneo ya hewa, yaani jinsi inavyokandamiza vitu, ni ndogo, na kwa hiyo gesi ya hamira na mvuke hutanuka kupita kiasi kabla mkate haujashika. Nikapunguza hamira karibu robo, nikapunguza sukari kidogo, nikaongeza tui, nikaongeza moto kidogo, na nikaacha kuusubiri uumuke mpaka mwisho. Siku ulipotoka sawasawa nililia peke yangu jikoni.

Mimi ni karani wa fedha katika duka la vifaa vya ujenzi. Mwaka 2020 mshahara wangu ulikatwa nusu, nikaanza kuoka keki za oda ili tulipe kodi ya nyumba: keki ya vanila, ya machungwa, ya ndizi, kwa kilo. Mume wangu ndiye aliyesema niandike yaliyomo kwenye daftari. Nikafungua blogu, yeye akawa anashika simu nami napika. Kwa muda mrefu wasomaji wangu walikuwa jamaa na majirani tu.

Mwaka jana nikaweka mkate wa sinia, vipimo vyote, gramu kwa gramu. Niliuita "Mkate wa Sinia wa Nyanya" kwa sababu watu hupenda hadithi za nyanya, ingawa nyanya yangu sikumwona. Alifariki kabla sijazaliwa. Mshauri, sikutarajia yaliyofuata. Watu wa Nakuru, Eldoret na Thika walinitumia picha za mikate yao. Watu wa Pwani wanaoishi huku bara waliniambia kwamba walikuwa wamekata tamaa kuupika. Oda zangu za keki zikaongezeka mara tatu.

Sasa sikiliza shida. Kule mtaani kwa Mama Mkubwa, binti wa jirani alianza kupika mkate huohuo na kuuza kwa bei ya chini. Mikahawa miwili iliyokuwa ikinunua kwa Mama Mkubwa ikahamia kwake. Binti huyo, tena bila ubaya, akamwonyesha Mama Mkubwa video yangu na kusema, "Mwanao amenifunza." Mama Mkubwa alinipigia simu usiku ule. Hakufoka. Alisema, "Umenivua nguo mbele za watu." Nikaanza kujitetea, akanikatiza: "Hebu niambie, mimi nilikufa lini?" Kisha akakata simu. Alikuwa na hasira, sikuelewa hata alimaanisha nini.

Juu ya hayo, kampuni moja inayouza unga wa mchele imenitafuta. Wanataka video tatu za mkate wa sinia, zitoke mwanzoni mwa Ramadhani, na watanilipa shilingi 60,000. Kwa pesa hizo ningenunua oveni kubwa. Hii niliyonayo inaingiza keki moja tu kwa zamu, na mwisho wa wiki nalala saa nane usiku. Mume wangu anasema nikubali, kwamba kazi ni yangu na jasho ni langu, kwa kuwa mkate wa Mama Mkubwa ungebonyea hapa Nairobi. Binamu yangu wa Mombasa anasema nifute kila kitu nikaombe radhi. Kampuni imenipa hadi mwisho wa Shaabani kujibu.

Je, nifute? Nikubali tangazo? Na huu mkate hasa ni wa nani?

Mpishi wa Umoja

*

Binti yangu, Mpishi wa Umoja,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliona ugomvi wa riziki: mama mzee anauza mkate, mtoto aliyemlea anaanika ufundi wake mbele ya ulimwengu, jirani anaokota na kuvuna. Ndivyo ulivyonieleza, na ndivyo binamu yako anavyouona. Mara ya tatu nilisita kwenye sentensi moja uliyoipita haraka, nami nataka turudi hapo pamoja kabla hatujagusa blogu wala kampuni.

Unasema uliuita mkate wa Nyanya kwa kuwa watu hupenda hadithi za nyanya. Kisha, aya moja baadaye, Mama Mkubwa anakuuliza alikufa lini. Wewe umelichukua swali hilo kuwa ni hasira. Mimi nalisikia kama swali hasa, tena lenye jibu. Aliyekufundisha yu hai, anaamka alfajiri mpaka leo, na mkate wake umeupa mtu aliyekwisha kuzikwa. Binti wa jirani alipomwonyesha ile video, Mama Mkubwa alitazama mikono aliyoifundisha ikifanya kazi yake, akangoja jina lake, akasikia la mwingine.

Huenda nakosea. Wewe unaijua sauti yake, mimi siijui. Lakini hebu jiulize usiku huu, watoto wakishalala: kama ule mkate ungekuwa na jina lake tangu mwanzo, na kama ungempigia simu kabla ya kuuweka, je, ile mikahawa miwili ingemuuma kwa kiasi hiki? Ingemuuma, ndiyo. Riziki ni riziki. Ila sidhani angekaa mwezi mzima bila kupokea simu ya mtoto aliyemlea.

Sisemi ulikusudia ubaya. Naelewa jinsi ilivyokuwa. Ulikuwa na wasomaji wachache, mshahara nusu, na jina "Nyanya" lilikuwa linakaa vizuri midomoni. Wengi wanaoandika mapishi hufanya hivyo, nasi wasomaji tumewazoeza, maana hatubofyi mkate usio na nyanya ndani yake.

Sasa kuna jambo jingine unaloliamini ambalo nataka tulitazame kwa makini, kwamba blogu yako ndiyo iliyompa yule binti biashara. Wewe mwenyewe umenieleza jinsi vipimo ulivyovibadilisha kwa ajili ya Nairobi. Hapa kwetu maji huchemka kwenye nyuzijoto takriban 94, Mombasa ni 100. Hamira uliyopunguza robo huku inatosha kwa sababu hewa haiukandamizi sana mkate. Ukivipeleka vipimo hivyohivyo ufuoni, mkate utazembea, hautapanda inavyotakiwa. Kwa hiyo binti yule, ikiwa mkate wake ni mzuri kiasi cha kuvuta mikahawa, hakuiga tu. Amepika, ameharibu, amerekebisha, kama wewe. Na anaishi kwenye mtaa ambao wanawake wengi wanaujua mkate wa sinia toka utotoni. Angeweza kujifunza kwa mama yake au shangazi yake. Labda ulimtia hamu, labda ulimpa ujasiri. Lakini mzigo wote wa wateja wale kuhama usijitwike peke yako. Pengine bei ya chini peke yake ndiyo iliyowahamisha.

Hili nakuambia wewe, ili upumue. Sikushauri umwambie Mama Mkubwa. Kwake litasikika kama wakili anayejitetea mahakamani, na tayari simu ilikatwa mara moja ulipoanza kujitetea.

Umeuliza mkate ni wa nani. Kwa upande wa sheria jibu ni fupi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda maneno yako ulivyoyapanga, picha zako na video zako. Orodha ya viungo na wazo la kupika hailindi. Hakuna atakayekushtaki wewe, wala wewe huwezi kumshtaki binti wa jirani. Lakini uliponiandikia hukuwa unatafuta wakili.

Mume wako anasema jasho ni lako, na ana haki kiasi fulani. Mwaka mzima wa mikate iliyobonyea si kitu cha kudharauliwa. Daftari lile ni kazi, na watu wa Nakuru na Eldoret, nako ni juu, walikushukuru kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekuwa amewaandikia kwa ajili ya hewa wanayovuta wao. Lakini hebu fikiria ulijuaje kwamba mkate ule wa kwanza umeharibika. Mtu asiyewahi kuona uji ukidondoka kwenye mwiko wa Mama Mkubwa angeula uliobonyea akafikiri ndivyo ulivyo. Wewe ulijua "bado" inaonekanaje na "tayari" inaonekanaje. Vipimo ni vyako, jicho ni lake. Sijui namna ya kuvitenganisha vitu hivyo viwili, na sina hakika kama kuna haja.

Tuje kwenye kufuta. Naona binamu yako anakutakia amani, lakini nataka ulipime jambo hili kwa utulivu. Kilichokwisha kusambaa hakirudi. Watu wamenakili kwenye madaftari, wamepiga picha za skrini, wametumiana kwenye WhatsApp. Ukifuta leo, binti wa jirani ataendelea kupika kesho. Kitakachopotea ni maandishi yako tu, pamoja na nafasi pekee uliyo nayo ya kuandika jina sahihi mahali palipokuwa na jina lisilo sahihi. Hata hivyo siwezi kukuambia usifute. Kuna wazee ambao kwao kufuta ni ishara, kama kuvua viatu mlangoni. Hakuna anayeuliza kama viatu vilikuwa na tope. Ikiwa Mama Mkubwa ni mtu wa namna hiyo, ishara hiyo inaweza kufungua mlango ambao maneno hayataufungua. Unaweza pia kuiondoa kwa muda, mpaka muongee, bila kuifuta kabisa. Jambo ambalo ningeliogopa ni kufuta kimyakimya halafu kusubiri aone. Huenda asione kamwe. Wala hana hiyo blogu kwenye simu yake. Alionyeshwa na mtu.

Kuacha ilivyo na kubadilisha jina pekee nako kuna hatari yake. Jina lake ukilitangaza leo bila kumuuliza, umefanya tena kosa lile la kwanza: umemweka mbele za watu bila ruhusa. Kuna mama wa Mombasa atakayefurahi kusikia jina lake likisomwa Eldoret, na kuna mwingine ambaye angependa asijulikane kabisa nje ya mtaa wake. Utamjuaje bila kumuuliza?

Kuhusu zile shilingi 60,000 sitakudanganya kwamba ni kidogo. Najua kulala saa nane usiku na kuamka kwenda kazini. Oveni kubwa si anasa kwa mtu anayeoka keki moja kwa zamu. Lakini kabla hujasema ndiyo wala la, waulize kampuni maswali machache na uyapate majibu kwa maandishi. Video zitakuwa mali ya nani, na kwa muda gani? Je, watakuzuia kutumia unga wa kampuni nyingine, na kwa miezi mingapi? Na wanataka mkate wa sinia, au wanataka "Nyanya"? Kama ni hadithi ya nyanya ndiyo wanayoinunua, basi wanakutaka uiseme tena, mara tatu, ndani ya Ramadhani, wakati mkate huo unaliwa karibu kila nyumba mtaani kwa Mama Mkubwa jua likitua. Kama ni unga tu, waulize kama watakubali mapishi mengine ya unga wa mchele. Vitumbua je? Hakuna ugomvi wowote juu ya vitumbua. Huenda wakakataa na ukakosa pesa hizo, na hasara hiyo itakuwa ya kweli. Huenda pia wakasogeza tarehe; wafanyabiashara husogeza tarehe kuliko tunavyodhani, ukiwaomba mapema.

Wazo la kumpa Mama Mkubwa sehemu ya malipo huenda limekwisha kukujia. Ni wazo jema, lakini angalia lini unalitoa. Pesa zikitangulia mbele ya radhi zinaweza kuonekana kama bei ya kunyamaza. Zikija baadaye, na yeye akijua zimetoka wapi na anaruhusiwa kusema hapana, ni kitu kingine. Na labda atataka kitu ambacho wala hukukifikiria. Labda atataka kuonekana yeye mwenyewe kwenye video, ameshika mwiko. Labda atataka uache kabisa. Jiandae kwa yote mawili, kwa sababu ukienda kumuuliza huku umeshaamua jibu, atajua. Wamama waliotulea hujua.

Umempigia simu mwezi mzima. Je, kuna mtu mzima anayemheshimu, mjomba au jirani wa siku nyingi, anayeweza kumfikishia kwamba unakuja? Kwenu Pwani jambo kama hili haliishi kwa simu, na wewe unalijua hilo kuliko mimi. Shaabani ni mwezi mzuri kwa hilo. Watu wanakaribia vunjajungu, ile karamu ya kuuaga mwezi kabla ya Ramadhani, wanatakana radhi kabla ya kufunga, na hata mwenye kinyongo huwa na sababu ya kufungua mlango. Hatari ni kwamba utasafiri na ukute mlango umefungwa. Hilo litauma, na utarudi Nairobi na uchovu na nauli imeenda. Lakini atakuwa amejua kwamba ulikuja.

Jambo moja nje ya haya nilitaje haraka kwa kuwa unauza chakula unachopika nyumbani: kama hujapata kibali cha biashara cha kaunti na cheti cha afya cha mshika chakula, ambacho hufanywa upya kila miezi sita, vishughulikie sasa. Kampuni ikikuweka mbele ya watu wengi, maswali hayo yatakuja.

Nilipomaliza kusoma barua yako nilijiuliza kitu ambacho hukukiandika. Katika miaka yote hii, Mama Mkubwa amewahi kuuonja mkate wako? Sioni popote uliposema amekuja Umoja, wala kwamba ulimpelekea. Wageni wa Thika wanajua ladha yake, yeye anaujua kwa skrini ya jirani. Ukiamua kwenda, nisingependa uubebe mkate uliokwisha kupikwa. Unaweza kuonekana kama umekuja kushindana naye. Nenda na mchele, uuloweke usiku nyumbani kwake. Alfajiri, vipimo vya kwenye daftari lako havitafanya kazi kule chini, na utalazimika kusimama kando yake, uinue mwiko, umuulize kama ni tayari.

Niandikie ukirudi. Hata kama hukwenda, niandikie.

Mshauri wako